Oili Isiyozeeka ya Karani

Kama kuna mtu aliyejua kuniudhi kwa adabu, ni Karani. Alikuwa akiingia dukani kwangu hapa Ruring'u, anavua kofia, ananiuliza habari za nyumbani, za mtoto, za kuku, hata za jirani ambaye hatusalimiani. Kisha anaomba nusu lita ya oili ya injini na kuniambia, kwa upole kabisa, kwamba sisi tunaouza oili tunawaibia watu.

Mimi ni mama wa duka la spea. Nimeuza spea na oili miaka kumi na tisa. Nikikuambia oili ya kawaida ikae kwenye gari kilomita elfu tano au miezi sita, chochote kitakachotangulia, si kwamba nakutega ununue. Nakuambia kwa sababu nimeona injini zikifa, na nimewaona wenye magari wakisimama kando yazo wamejishika kiuno. Karani hakutaka kusikia habari ya miezi. Kilomita alizikubali, maana kilomita zina tarakimu na mtu anaweza kuzisoma. Miezi, alisema, iliongezwa na wenye maduka.

Jina la Karani alilipata kwenye kiwanda cha kahawa kule juu, tulikokuwa tukipeleka kahawa yetu tangu nikiwa msichana. Alistaafu zamani, kiwanda kikabadilisha makarani wengine wanne, lakini yeye ndiye aliyebaki kuwa Karani. Hata mkewe alimwita hivyo.

Gari lake lilikuwa la kijivu, la milango mitano, safi kuliko nyumba za watu wengi ninaowajua. Kwenye kona ya kioo cha mbele palikuwa na stika ya fundi fulani wa mjini iliyosema oili ibadilishwe kwenye kilomita 152,000. Mita ya kilomita nayo ilisoma 151,600. Ilisoma hivyo kwa sababu ilikuwa imekufa. Kitu fulani kilikatika ndani akitoka mazishini Othaya, mita ikasimama hapo hapo, na kuanzia siku hiyo gari likawa linatembea bila kuhesabiwa. Nikimuuliza kama amebadilisha oili, hakunijibu moja kwa moja. Alitoka nje, akafungua mlango wa gari, akainama, akasoma, akarudi.

"Bado mia nne, Mama Wachira."

"Karani, hiyo mita imekufa."

"Imekufa ikiwa hapo. Sasa unataka nisome gani? Nisome ile sioni?"

Miaka sita ilikuwa bado mia nne. Alienda Karatina, akaenda Mukurwe-ini, akaenda kanisani kila Jumapili na kwenye kamati ya kanisa kila Alhamisi, na bado ilikuwa mia nne. Kwa hesabu yake gari hilo lilikuwa limelala tu. Nilimweleza kwamba hizo safari fupi, kwenye baridi yetu ya mwezi wa saba, ndizo zinazoharibu oili zaidi. Injini haipati moto wa kutosha, unyevu unabaki ndani, na oili inageuka uji. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Umesoma, hiyo siwezi kukataa," akachukua nusu lita yake, akaenda.

Hiyo nusu lita ilikuwa ya kuongeza. Karani hakuamini kubadilisha, aliamini kuongeza. Ukimimina chai moto kwenye birika lililopoa, alisema, birika lote linapata moto, kwa hivyo ukitia oili mpya kidogo, yote inakuwa mpya. Alisema hivyo mbele ya wateja wangu, na wengine waliitikia kwa kichwa. Nusura nifunge duka siku hiyo.

Kupima kwake kulikuwa ibada. Alichomoa kile kijiti cha oili, akakifuta kwa kitambaa chake cheupe cha mfukoni, akakirudisha, akakichomoa tena. Halafu alisugua tone kati ya kidole gumba na cha shahada, akalinusa macho yamefungwa. Oili ilikuwa nyeusi kama sufuria ya matanga. Alifumbua macho na kutangaza, "Bado iko na nguvu."

Na huyu ndiye aliyekuwa akituweka juani kwa sababu ya tunda moja la kahawa lisiloiva! Hilo silisahau. Mama yangu alikuwa akibeba gunia la kahawa mgongoni kutoka bondeni, mimi nyuma yake na debe dogo. Karani alikuwa akingoja pale mlangoni akiwa na koti jeupe. Aliingiza mkono kwenye gunia mpaka kwenye kiwiko, akapekua, akatoa tunda moja la kijani, akaliinua juu watu wote waone. "Nani ameniletea hii?" Gunia lote lilimwagwa chini kwenye turubai, tukaanza kuchagua upya, tunda kwa tunda, huku wengine wakipita na kuuza na kurudi kwao kupika. Mama alipiga magoti, akachagua. Mimi nilikuwa na miaka kumi na nilimchukia mtu yule kwa moyo wangu wote. Kahawa yetu hakuipa nafasi ya kilomita mia nne. Hakuipa hata dakika.

Lakini sitaki kumpaka matope tu, maana itakuwa uongo, na yeye mwenyewe alikuwa na uongo wa kututosha sisi sote. Mume wangu alipoanguka shambani, gari la kwanza kufika lilikuwa lile la kijivu. Karani alimpeleka hospitali, na kwa mwezi mzima uliofuata alinipeleka kila siku saa saba na kunirudisha saa kumi, na hakutaka kusikia habari ya petroli. Mume wangu hakurudi, lakini hilo si kosa la gari. Alifanya vivyo hivyo kwa nusu ya mtaa huu. Ndani ya gari lake hukuruhusiwa kula hata peremende, lakini mgonjwa aliruhusiwa kutapika, na Karani alisafisha mwenyewe kwa mikono yake, akipiga mluzi.

Kitu kingine: aliweza kuongea. Hapa kwetu, kijana akitaka kuoa, wazee wa upande wake huenda kwa kina msichana kufanya ruracio, yaani kumwomba na kupeleka mahari. Mambo yote huenda kwa maneno. Msemaji wenu akiwa mbovu, mnaweza kwenda na ng'ombe na mkarudi na aibu. Karani alikuwa msemaji wa Ruring'u yote. Alijua wakati wa kucheka, wakati wa kushusha pumzi, wakati wa kukohoa ili upande wa pili usahau ulikuwa unadai nini. Alikwenda Murang'a, alikwenda Meru, na mara moja alikwenda mpaka karibu na Doldol kwa kijana aliyempenda msichana wa Kimaasai, na kote huko alirudi na neno la ndiyo. Hakuchukua chochote. Alisema kinywa hakina oili ya kununua. Hapo nilikuwa naweza kumjibu, ila nilinyamaza kwa sababu nilijua siku yangu itafika.

Ikafika. Mtoto wangu Wachira alimpata msichana wa Nanyuki, Wangechi, aliyelelewa na mjomba wake mwenye malori kumi na moja. Nilimpenda yule msichana siku aliyokuja kwangu, akakuta nimelala chini ya pikapu ya mteja, na badala ya kusimama pale akijua anatazamwa, akauliza anipe spana gani. Lakini kwao walikuwa na wasiwasi. Walishauliza mara mbili kama kijana huyu ana wazee, au ni mama wa spea tu. Baba hayupo. Mashemeji zangu ni wawili: mmoja hasemi, na mwingine akianza hasimami. Wachira hakulala wiki nzima. Nilijua kwamba tukienda ovyo, mambo yangeishia pale pale mlangoni, na mtoto wangu angekosa mtu ambaye mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kumwita binti.

Kwa hiyo nilifunga duka, nikavaa gauni la kanisani, nikaenda kumpigia Karani magoti ya heshima. Alikubali kabla sijamaliza. Alikuwa na sharti moja tu: gari la msemaji ndilo linalotangulia, na msemaji huenda kwa gari lake.

Nikamwambia, "Karani, nitakupa lita nne za oili na chujio jipya. Zawadi. Fundi wangu atakuwekea, wewe usiguse kitu."

"Ukinipa bure, unasema yangu ni mbaya."

"Ni mbaya."

"Mama Wachira," akasema polepole, kama anayeongea na mgonjwa, "bado mia nne. Kutoka hapa hadi Nanyuki na kurudi si hata mia mbili. Piga hesabu."

Nilikata shauri kumfanyia wema kwa siri. Alhamisi akiwa kwenye kamati ya kanisa, nilimtuma fundi wangu na mtungi na spana, ambadilishie pale pale uwanjani. Karani alitoka katikati ya kikao kutafuta miwani yake, akakuta miguu ya mtu imetokeza chini ya gari. Hakupiga kelele. Alingoja fundi atoke, akampa mkono, akamuuliza habari za watoto. Kesho yake alinunua mnyororo na kufuli, akafunga boneti. Alipita dukani kwangu na kunionyesha ufunguo, kisha akautia mfukoni mwa koti.

Jumamosi tuliondoka asubuhi na mapema, magari matatu: la Karani mbele, la mashemeji katikati, na pikapu yangu nyuma na mbuzi na vitu vya kina mama. Mimi na dada yangu tulikuwa kwenye pikapu. Kiganjo tuliipita vizuri. Baada ya hapo barabara inapanda polepole, upandaji usiouona lakini injini inauhisi, na nikaona moshi wa bluu ukitoka nyuma ya lile gari la kijivu. Nikapiga honi. Karani akanipungia mkono kwa heshima. Nikapiga tena, akanipungia tena. Mara ya tatu hakupunga, maana injini ilikuwa imeshanoki. Iligonga mara nne kama mtu anayebisha mlango, ikakaza, na gari likajisogeza lenyewe mpaka pembeni.

Tulishuka wote. Moshi ulikuwa unatoka kwenye mianya ya boneti.

"Fungua, Karani!"

Akajipapasa koti. Akajipapasa suruali. Koti alilovaa lilikuwa la ruracio, na ufunguo ulikuwa kwenye koti la kila siku, msumarini, Ruring'u.

Ningependa kusema nilicheka. Sikucheka. Nilitaka kumpiga. Wachira alikuwa amesimama pale na suti yake mpya akitazama saa, na uso wake ulikuwa wa mtoto mdogo. Tuliliacha gari. Tulipakua, tukapakia upya, tukawabana mashemeji, na Karani, msemaji wetu, akapanda mbele kwenye pikapu yangu, mbuzi wakimlilia kisogoni. Njia yote alitazama mlima akasema umetakata vizuri leo.

Tulichelewa saa mbili na nusu. Kina mama wa Nanyuki walikuwa wamefunga lango, kama ilivyo desturi mpaka wageni waombe kwa nyimbo, na walikuwa wameshachoka kuimba. Mashemeji, wakitaka kulainisha mambo, waliwasimulia habari ya boneti na kufuli na ufunguo, na watu wakacheka, lakini si kicheko cha kukaribisha. Tuliingia, tukakalishwa. Mjomba, mtu mfupi mwenye shingo pana, alisimama na kusema walikuwa wameketi tangu saa nne, chakula kimepoa, na kwamba familia inayomjali msichana hujulikana kwa saa inayofika. Akaomba faini ya kondoo mnono kabla ya neno lolote lingine. Nikamwona Wachira akiinamisha kichwa.

Karani akasimama. Akavua kofia.

"Wenyeji wetu," akasema, "sisi tulitoka mapema kuliko nyinyi. Hata jogoo wetu tulimwacha akiwa usingizini. Lakini siku hizi mtu hajui anauziwa nini. Unanunua oili, unatia kwa injini, kumbe ni maji ya rangi. Gari yangu haijawahi kuniaibisha miaka yote. Leo imeniaibisha mbele yenu, na si yeye, ni ile walimlisha."

Mjomba akacheka kidogo. "Ni duka gani hiyo, mzee? Nisipeleke lori zangu huko."

Karani alitazama dari, kama anayetafuta jina. Halafu akanitazama mimi.

"Ni ya huyu mama wa kijana. Lakini msimlaumu. Na yeye pia aliuziwa."

Nyumba nzima ikalipuka. Wazee walipiga mapaja, kina mama wakajifunika midomo kwa leso. Mimi niliinuka nusu. Nilikuwa na maneno yote tayari: mita, stika, mia nne, fundi, kufuli. Dada yangu akanikanyaga mguu kwa kisigino cha kiatu chake, akaendelea kukanyaga, na nikakaa. Nilikasirika mpaka masikio yakaziba, kwa hivyo sikusikia vizuri faini iliposhuka kutoka kondoo mnono hadi kreti mbili za soda. Nilichoona ni kwamba watu walikuwa wanacheka sasa kicheko cha kukaribisha, na Karani alikuwa kazini, anakohoa panapotakiwa. Kabla jua halijainama, Wangechi alikuwa wetu.

Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi. Lakini kila Krismasi tukienda Nanyuki, mjomba ananipokea langoni akiuliza, "Mama, umetuletea ile oili?" Nami nacheka huku natafuna ulimi. Gari la Karani lilivutwa hadi yadi ya mjomba, likakaa wiki tatu, likarudi na injini nyingine ya mtumba, na hakuna mtu wa Nanyuki aliyesema neno kuhusu ile ya kwanza. Nikajua basi, walimwamini. Na kilichoniuma zaidi ni hiki: Karani sasa alianza kubadilisha oili kila miezi sita, bila kukosa. Ila hakuweza tena kununua kwangu, maana maneno yake ya Nanyuki yangeanguka. Akawa ananunua kwenye duka la kule chini. Alipita mbele ya mlango wangu na mtungi wa lita nne mkononi, akavua kofia, akaniuliza habari za kuku.

Mwaka huu miguu yake ilikataa, akaacha kuendesha. Nikaona nisingoje aende na jambo langu. Nikamchukua Wangechi, nikamwambia tunaenda kumjulia hali mzee. Sikumwambia kwamba nilikuwa nampeleka kuwa shahidi.

Karani alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi magotini, kofia kichwani ndani ya nyumba. Amekonda. Wangechi alimmiminia chai kutoka kwenye chupa tuliyokuja nayo. Nikamwacha anywe nusu kikombe.

"Karani," nikasema, "mwambie huyu mtoto ukweli wa ile siku ya kwao. Ile gari yako iliharibiwa na nini?"

Aliweka kikombe chini. Akavua kofia.

"Mtoto wangu," akamwambia, "ile oili ya mama mkwe wako karibu ituzikie hapo Kiganjo."

Nikafungua mdomo kumjibu. Lakini Wangechi alikuwa anacheka, mpaka akaweka chupa ya chai sakafuni.

"Guka," akasema, kama tunavyomwita babu kwetu, "hiyo kitu sisi tulijua siku hiyo hiyo."

"Mlijua nini?"

"Ati boneti iko na kufuli, halafu ufunguo iko Ruring'u? Anko alisema mtu anafunga hivyo ni mtu anajua kile kiko ndani. Halafu gari ikaletwa kwa yadi. Fundi wakafungua hapo chini, oili ikakataa kutoka. Walitoa na kijiko, Guka. Na kijiko!"

Karani alichukua kikombe, akakirudisha chini bila kunywa.

"Na mbona anko wako ananiuliza habari ya oili kila Krismasi?" nikauliza.

"Anapenda vile unakasirika, mum. Na hiyo siku alisema, huyu mama amesingiziwa mbele ya watu na amenyamaza, kwake msichana wetu atakaa vizuri."

Sikumweleza habari ya kisigino cha dada yangu. Ningejua ni mtihani, ningefeli kwa makusudi.

Karani alikuwa akiizungusha kofia mkononi. "Mlijua," akasema, "na mkaniacha niongee mpaka mwisho?"

"Ulikuwa unaongea poa sana, Guka. Wazee walisema wacha amalize."

Nilikuwa nimekuja na hasira ya miaka mitano, na ghafla sikuwa na pa kuiweka. Nilimwonea huruma, na nikamchukia kidogo kwa kunifanya nimwonee huruma.  Akavaa kofia yake, akainyoosha sawasawa, akamgeukia Wangechi.

"Walisema naongea vizuri?"

"Walisema."

"Wazee wote?"

"Wote, Guka."

Ndipo akanigeukia mimi. "Mama Wachira, umesikia?"

Nikamwambia nimesikia.